Njia ya Pikipiki ya Kiangazi: Kutoka Kitonga Hadi Ziwa Nyasa

Wengi wanaopanga safari ndefu ya pikipiki huanza na mahali pa kufikia. Wanasema tunakwenda Songea, au tunakwenda Mbeya, kisha wanafungua ramani na kufuata barabara iliyo fupi kuliko zote. Mimi nakushauri uanze na kipande kimoja cha barabara. Tafuta kilomita 20, au hata 60, ambazo ungependa kuzipita bila haraka, mwanga ukiwa mzuri na mwili haujachoka. Ukishakichagua, kipe saa zako bora, yaani asubuhi baada ya kulala vizuri. Halafu ndipo upange mengine: usiku wa kuamkia siku hiyo utalala wapi, mafuta utajaza wapi, na Dar es Salaam utaondoka saa ngapi.

Ukipanga hivi unajikinga na msiba wa kawaida wa safari hizi, ule wa kupita mahali pazuri kuliko pote saa kumi na moja jioni, jua likikupiga usoni, mgongo ukiuma, huku ukiwaza gesti. Milima uliipita, lakini hukuiona.

Nitatumia mfano wa kusini mwa Tanzania: Dar es Salaam, Iringa, Njombe, Songea, Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, kisha kurudi kwa Tunduru, Masasi, Lindi na Kilwa. Ni mzunguko wa zaidi ya kilomita 2,000, wote kwa lami, kwa hiyo hata pikipiki ya cc 150 inaumudu. Kanuni zake zitakufaa popote, uwe unatoka Nairobi kuelekea Bonde la Kerio au Tanga kuelekea Lushoto.

Utakitambuaje kipande kizuri

Kwenye ramani, mstari uliopindapinda huvutia macho, lakini kona peke yake hazitoshi. Zipo barabara zenye kona nyingi zinazopita vichakani, usione chochote zaidi ya mita 30 mbele. Tafuta mahali barabara inapoachana na uwanda wa juu na kushuka bondeni, au inapotoka bondeni kupanda ukingo wa milima. Hapo mwinuko unabadilika haraka, na pamoja nao hubadilika hewa, miti, mazao, nyumba na hata mavazi ya watu. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Ndani ya saa moja unaweza kutoka kwenye joto la mibuyu ukaingia kwenye baridi ya misonobari, na mwenye gari aliyefunga vioo hajui kilichotokea. Wewe wa pikipiki umekisikia kifuani.

Kwa hiyo fungua ramani inayoonyesha miinuko. Kusini mwa nchi hii utaona mara moja mahali penyewe: Kitonga, barabara inapopanda kwenda Iringa; Uyole hadi Tukuyu na Kyela, chini ya Mlima Rungwe; na Mbinga hadi Mbamba Bay. Kaskazini kuna Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 tu za kupanda Usambara kupitia Soni, ambazo Wajerumani walizichonga walipokuwa wakiuita mji huo Wilhelmstal. Ukiwa na siku tatu tu, nenda huko Lushoto na uiache kusini kwa likizo nyingine. Kusini hakutaki mtu mwenye haraka.

Iko pia njia ya Chimala kwenda Matamba na Kitulo, ambayo wenyeji huiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Naitaja kwa sababu kila mwenye pikipiki kubwa ataisikia na kuitamani. Ni njia ya udongo na changarawe, mteremko ni mkali, na mzigo mzito nyuma huifanya pikipiki inyanyue tairi la mbele pale usipotaka. Isitoshe, majira yake hayaafikiani na safari yetu. Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake, huchanua wakati wa mvua, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, na wakati huo njia hiyo ni tope. Kiangazi njia inapitika, lakini maua hayapo. Kama huna uzoefu wa barabara za vumbi, usiifanye kuwa kipande chako cha kwanza.

Jambo moja dogo ambalo ramani haikuambii: sisi tunaendesha upande wa kushoto. Mandhari yakiwa kushoto kwako, unaegesha pembeni na kuangalia kwa raha. Yakiwa kulia, itakubidi ukate barabara mbele ya malori kila unapotaka kusimama, na mwisho utaacha kusimama. Kabla ya kuamua mzunguko uuanzie upande gani, angalia bonde au ziwa litakuwa mkono gani kwenye kile kipande ulichokichagua. Ikiwa uchaguzi ni wako, jielekeze uwe nalo kushoto.

Mwezi gani

Mvua za kusini huanza Novemba na kumalizika Aprili, pengine Mei. Kwa hiyo Juni hadi Oktoba barabara ni kavu. Lakini miezi hiyo haifanani, na hapa ndipo wengi hukosea.

Mwishoni mwa Mei na mwezi Juni, nchi bado ni ya kijani, mito ina maji na hewa imeoshwa na mvua. Unaona mbali. Kuanzia Agosti wakulima huanza kuchoma mashamba, na moto hupenya kwenye misitu ya miombo. Kufikia Septemba na Oktoba moshi na vumbi vimetanda angani, na mlima ulio kilomita 30 mbele unakuwa kivuli tu. Barabara ni ileile, jua ni lilelile, ila mandhari uliyoyafuata yamefunikwa. Anayetaka kuona Ziwa Nyasa kutoka juu ya milima aende Juni au Julai mwanzoni.

Gharama ya Juni na Julai ni baridi. Njombe iko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na miezi hiyo asubuhi majani huweza kuamka na sakitu. Ukienda kilomita 60 kwa saa kwenye hewa ya namna hiyo, vidole vinakufa ganzi na huwezi kuminya klachi vizuri. Glavu nzito, koti lisilopitisha upepo na kitambaa cha shingoni ni vifaa vya usalama kama ilivyo helmeti. Ukija na jaketi la jinzi ulilovaa Kariakoo, utaichukia Njombe bure, nayo ni mji mzuri.

Angalia pia kalenda ya sikukuu. Wiki ya kwanza ya Agosti ni ya maonyesho ya Nane Nane, na Morogoro, Mbeya na Lindi yote huwa na viwanja vya maonyesho ya kanda. Gesti hujaa na bei hupanda. Ukiwa njiani tarehe hizo, piga simu mapema au lala mji mdogo wa kabla yake.

Hesabu saa, kilomita ziache

Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500. Mtu akitazama namba hiyo akiwa nyumbani anasema saa saba. Hajahesabu vibao vya 50 kila kijiji, trafiki na kamera zao, matuta, rasta, malori yaliyopangana kutoka Kibaha hadi Chalinze, na kwamba binadamu aliyeketi kwenye siti ya pikipiki anahitaji kunyoosha miguu kila baada ya saa moja na nusu. Kwa pikipiki ya cc 150, hesabu wastani wa kilomita 45 hadi 50 kwa saa pamoja na mapumziko. Yenye nguvu zaidi haitakuvusha mbali sana zaidi ya hapo, kwa sababu vibao vya 50 havijali ukubwa wa injini.

Kwa lami, kilomita 250 hadi 300 zinatosha kwa siku. Kwa barabara ya vumbi au ya mlima, nusu yake. Na siku ya kile kipande chako, punguza tena. Ukiona ratiba yako ina siku ya kilomita 450, jiulize ni kipi utakikosa siku hiyo, kwa maana hakika kipo.

Usiendeshe usiku. Silisemi hili kwa ajili ya kujaza ukurasa. Lori likiharibika kwenye barabara zetu, utingo hukata matawi ya miti na kuyatandaza lamini kama onyo, na lori lenyewe huenda halina taa wala kiakisi mwanga. Mchana matawi yale unayaona toka mbali. Usiku tairi lako la mbele ndilo litakaloyaona kwanza. Panga uwe umefika kabla ya saa kumi na moja jioni, ili hata ukipata pancha bado ubaki na mwanga.

Sasa tuipange safari yenyewe

Siku ya kwanza ni ya kutoka tu. Ondoka Dar kukipambazuka, saa kumi na mbili, na ikiwezekana iwe Jumapili malori yakiwa machache. Kunywa chai Morogoro, uipe Uluguru macho, kisha uvuke Hifadhi ya Taifa ya Mikumi mapema mchana. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na tembo, twiga, pundamilia na swala huonekana hapohapo pembeni. Fuata vibao vya mwendo, usipige honi, usishuke kwenye pikipiki kupiga picha. Tembo akiwa barabarani, simama mbali, acha injini ikiwaka na usubiri gari kubwa likutangulie. Njia za ndani za utalii si za pikipiki. Ukitaka kuzunguka humo, iache mjini na ukodi gari.

Lala Mikumi mjini, upande wa pili wa hifadhi. Watu watakushangaa kwamba umesafiri kilomita 300 tu wakati Iringa ungeifikia jioni. Wewe unalala hapo kwa sababu ya kesho.

Kesho yake, saa moja asubuhi uwe barabarani. Jua liko nyuma yako kwa sababu unaelekea magharibi, na baada ya saa moja na zaidi kidogo unaingia kwenye bonde la mibuyu kandokando ya Mto Ruaha. Kiangazi mibuyu imepukutisha majani, imebaki mashina manene ya kijivu yenye matawi kama mizizi iliyoelekea juu, maelfu kwa maelfu, yamepanda hadi kwenye vilima. Mwanga wa asubuhi huyapiga kwa ubavu na kila shina lina kivuli chake. Saa sita mchana bonde hilo ni tanuri. Saa mbili asubuhi ni mahali pa kuzima injini. Ruaha Mbuyuni utakuta vitunguu vimepangwa barabarani na chai ya moto. Kula hapo, kwa kuwa baada yake ni Kitonga.

Kitonga ni kupanda kwa kona kali ukutani mwa mlima, barabara nyembamba, bonde likizama upande mmoja. Malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na yale yanayoshuka yananuka breki. Hatari haiko kwenye kona. Hatari ni basi lililochoka kufuata lori na kuamua kulipita mahali lisipoona mbele. Usijibane kati ya malori mawili. Acha nafasi kubwa mbele yako, subiri mpaka uone barabara tupu, ndipo upite moja baada ya jingine kwa gia ndogo yenye nguvu. Ukitaka kutazama, egesha kwenye sehemu zilizopanuliwa pembeni, utoke kabisa barabarani, halafu ndipo uvue helmeti. Asubuhi utapata mwanga kwenye bonde na hewa safi. Mchana wa jua kali unapata joto la injini yako na la malori ya watu.

Ukifika juu, pikipiki ya kabureta utaisikia imelegea kidogo. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Si ugonjwa, usimruhusu fundi wa njiani akufungulie kabureta kwa sababu hiyo.

Kabla ya Iringa utapita Lugalo, ambako Wahehe wa Chifu Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani la Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Mji wenyewe umekaa juu ya mlima, mita kama 1,600, na barabara kuu inapita chini yake, Ipogolo. Ukiweka mzigo gesti saa saba au nane, una jioni nzima. Itumie Isimila, kilomita kama 20 nje ya mji kwa barabara ya Mbeya. Nguzo za mchanga zilizochongwa na mvua zimesimama korongoni, na zana za mawe za watu wa kale zimetapakaa hapo. Jua la saa kumi hubadilisha rangi ya nguzo hizo kabisa. Au nenda Kalenga, kwenye makumbusho yanayohifadhi fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Yote mawili kwa jioni moja ni mengi mno, chagua.

Kutoka Iringa kwenda Njombe ni siku ya kuendesha bila presha. Misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga inapendeza, na harufu yake inaingia ndani ya helmeti. Makambako kuna upepo, mkali kiasi kwamba wapo waliokuja kuupima kwa ajili ya umeme. Kwenye pikipiki nyepesi yenye mabegi mapana, upepo huo unakusukuma kutoka ubavuni, na kila lori linalokupishana linaukata ghafla kisha kuuachia. Shika usukani bila kuukaza na usiendeshe kwenye ukingo wa lami.

Makambako ndipo unapoamua. Mbele ni Mbeya, kulia kwako Usangu tambarare na barabara iliyonyooka inayochosha. Sikipendi kipande hicho, ingawa mwisho wake kuna Tukuyu yenye migomba, chai na maziwa ya volkano, kisha Matema ufukweni chini ya Milima ya Livingstone. Ni njia halali kabisa, lakini jua kwamba Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na manyunyu huja hata Juni, na kwamba utarudi kwa barabara ileile uliyojia. Mimi nageuka kushoto kwenda Njombe.

Njombe kanuni ya kuamka mapema unaweza kuivunja. Barabara ya kwenda Songea inapanda na kushuka vilima vya chai, misonobari na viazi, na asubuhi ya Juni ukungu hulala juu ya lami mpaka jua lipate nguvu. Kunywa chai ya pili. Ondoka saa tatu. Ukungu ukiinuka utaona mabonde yakifunguka moja baada ya jingine, na kadiri unavyoshuka kuelekea Madaba joto linarudi mwilini. Kilomita zaidi ya 230 za namna hiyo zinatosha kwa siku nzima. Songea ina makumbusho ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na inastahili nusu siku.

Kipande chenyewe

Nimesema uchague kimoja. Changu ni Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 67.

Kutoka Songea unapita njiapanda ya Peramiho, Kigonsera, halafu unaingia nchi ya Wamatengo. Tazama miteremko. Mashamba yao ni ya ngoro: mashimo yaliyopangwa safu kwa safu mlimani, yakizungukwa na matuta ambamo nyasi zimefukiwa. Mvua ikinyesha, maji yanatuama mashimoni badala ya kubeba udongo, na ndiyo maana milima mikali namna ile imelimwa vizazi kwa vizazi na bado inazaa. Ukiwa kwenye gari unaona milima yenye madoadoa. Ukiwa kwenye pikipiki, ukasimama, ukamsalimia mzee aliye shambani kwa shikamoo na kumuuliza, utaelezwa namna majani yanavyolazwa kwanza na udongo kutupiwa juu yake. Juni na Julai pia ni wakati wa kahawa, na utaiona imeanikwa kwenye vichanja karibu na nyumba.

Lala Mbinga, ili asubuhi uwe na barabara mpya mbele yako na kilomita 67 tu za siku. Barabara inakatiza milimani kwa kona zinazojikunja, kisha mahali fulani milima inaachana na ziwa linatokea chini, pana kiasi kwamba ng'ambo haionekani vizuri. Ziwa liko mita 474 hivi kutoka usawa wa bahari, na wewe unalitazama kutoka juu ya mita 1,000. Shuka asubuhi. Ziwa liko magharibi, kwa hiyo mchana jua linakuja usoni na maji yanakuwa kioo kinachopofusha. Asubuhi jua liko mgongoni na maji ni ya buluu. Tumia breki ya injini: weka gia uliyoitumia, au ambayo ungeitumia, kupandia mlima huo huo, na breki za mkono na mguu uziguse kidogo kabla ya kona, usizishikilie njia nzima. Breki za ngoma za pikipiki zetu zikipata moto sana huacha kushika, na hazikupi onyo la kutosha.

Mbamba Bay kaa siku mbili. Kula samaki wa ziwa, tembea ufukweni, acha pikipiki ipumzike nawe ukaze cheni na kuangalia nati za mabegi. Kuna usafiri wa meli ziwani kati ya Kyela na huku, na wengine hutamani kuunganisha Matema na Mbamba Bay kwa maji. Ulizia bandarini kuhusu ratiba na mizigo, lakini usiitundike safari nzima juu ya meli.

Namna ya kuuliza barabara

Ukimwuliza mtu wa njiani kama barabara ni nzuri, atakujibu nzuri. Hakudanganyi, anakutakia safari njema, na yeye huipita kila siku. Uliza jambo linaloweza kupimwa. Basi linapita? Jana lilifika saa ngapi? Lori la mzigo linapita au yanapita magari madogo tu? Kuna mto usio na daraja? Vijana wa bodaboda kijiweni wanajua kilomita 30 zinazowazunguka kuliko ramani yoyote, na madereva wa malori wanajua kilomita 500. Waulize wote wawili, uwasalimie kwanza, na ununue hata maji hapo kijiweni.

Uliza hata kama barabara ni ya lami na umeiona kwenye ramani. Mei 2024 mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, na magari yalikwama pande zote mbili. Hiyo ni barabara ya kurudia kwenye mzunguko huu. Kabla ya kuondoka Songea kuelekea mashariki, pata habari zake.

Kurudi

Ukisharudi Songea, njia ya hadi Tunduru na Masasi ni nchi ya miombo, vijiji vikiwa mbali kimoja na kingine. Jaza tangi Songea na ulijaze tena Namtumbo na Tunduru hata kama bado lina nusu. Pikipiki nyingi za cc 150 huenda zaidi ya kilomita 300 kwa tangi moja, lakini petroli ya chupa ya kijijini, ukilazimika, haijulikani imechanganywa na nini. Kati ya Namtumbo na Tunduru kuna ushoroba wa wanyama kati ya Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, na tembo huvuka barabara. Unaelekea mashariki, kwa hiyo asubuhi jua liko usoni: ondoka saa tatu, ufike saa tisa.

Wenye pikipiki kubwa za kuanzia cc 600, hapa ndipo wazingatie zaidi. Fundi wa pikipiki ndogo yuko kila mji, na tyubu, plagi, kiungo cha cheni na waya wa klachi wa cc 125 au 150 utavipata mpaka Tunduru. Tairi la pikipiki kubwa usitegemee kulipata baada ya Dar. Kama tairi lako la nyuma limeshaisha nusu, badilisha kabla ya safari.

Masasi inakupokea kwa milima ya mawe matupu inayochomoza kati ya mikorosho. Baada ya hapo, nikuambie ukweli kuhusu barabara ya pwani: kwa sehemu kubwa bahari haionekani. Inapita ndani, kati ya mikorosho na vichaka. Bahari unaipata kwa kwenda kuifuata, kwanza Lindi kwenye ghuba yake, kisha kwa kukata Nangurukuru kwenda Kilwa Masoko na kuvuka kwa mashua hadi magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Ukikosa siku za kufanya hivyo, rudi tu kwa njia ya Iringa. Mandhari ya Kitonga ukishuka si yale uliyoyaona ukipanda.

Kutoka Kilwa, vuka Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji, ulale Kibiti au Ikwiriri badala ya kulazimisha kufika nyumbani. Foleni ya Mbagala jioni, baada ya siku kumi na kitu za barabara wazi, humkuta mwendeshaji akiwa ameshalegea, na bodaboda wa mjini hawajalegea hata kidogo. Ingia Dar Jumapili asubuhi, kabla ya saa nne.